Pima Kiwiko Kabla ya Kupima Kabati

Swali: Ninaishi Chumbageni, Tanga, na mume, watoto wanne na mama mkwe, katika nyumba iliyojengwa na baba mkwe miaka ya 1980. Jiko letu lina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 3. Milango yake miwili, wa kutokea ukumbini na wa kwenda uani, iko katikati ya kuta fupi zinazotazamana, na dirisha liko katikati ya ukuta mrefu wa nje. Mume wangu anataka ukuta wa upande wa sebule uvunjwe ili jiko liwe la wazi. Fundi ametuletea picha ya makabati meupe na anasema anaweza kuanza Jumatatu. Mimi napika kwa gesi, mama mkwe anapikia mkaa uani. Tuanzie wapi, tuepuke nini, na wakati wa kazi tutapikia wapi?

Jibu: Dada yangu, nianze na hiyo Jumatatu. Fundi aje, lakini aje na futi kamba na kalamu, nyundo aiache kwake. Picha aliyowaletea ni ya jiko la watu wengine, wanaopika vyakula vingine kwa vyombo vingine, na mkiifuata mtapata chumba kizuri cha kutazama ambacho mtakikimbia kila siku ya mapishi makubwa. Kabati huja karibu na mwisho wa ukarabati. Kwanza ni kuijua kazi: nani anapika, anapika nini, anapika akiwa amesimama au amekaa, na maji, moto na taka vinapita njia gani.

Kwa siku tatu, moja ikiwa siku ya wageni, bandikeni karatasi nyuma ya mlango wa jiko na kila mmoja aandike alichokifanya na mahali alipokifanyia. Nimelifanya zoezi hili katika nyumba nyingi za pwani, na matokeo yake hufanana. Nazi hukunwa na mtu aliyekaa juu ya mbuzi, karibu na mlango wa uani ili apate hewa na mwanga. Samaki huparwa nje kwenye bomba, kisha huletwa ndani wakiwa bado wanachuruzika maji. Mchele huchambuliwa kwenye ungo, mapajani. Sufuria kubwa huoshwa nje kwa sababu haiingii kwenye sinki. Sasa utazame mchoro wa fundi wako: hakika hauna pa kuweka mbuzi wala pa kuegesha sinia, na sinki lake ni lile dogo la beseni mbili ambalo sufuria ya pilau ya wageni italikalia juu kama kofia.

Kuna sababu ya kihistoria ya michoro hiyo kutotufaa. Jiko la makabati yaliyopangwa ukutani kwa vipimo vinavyolingana linatokana kwa sehemu kubwa na jiko lililobuniwa mwaka 1926 na msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, nalo lilikusudiwa mwanamke mmoja anayefanya kazi peke yake, haraka, hatua zake zikiwa zimehesabiwa. Kazi yake naiheshimu, kwa sababu alitazama mikono na miguu ya mpishi kabla ya kuchora. Mafundi wetu wamechukua vipimo vyake na kuuacha utaratibu wake, ingawa kwetu jikoni mna watu watatu kwa wakati mmoja, mmoja wao amekaa kwenye kigoda, na nusu ya kazi inafanyika uani.

Kosa la kufuata vipimo vya vitabuni nimelifanya mwenyewe. Niliwahi kuchora jiko la familia moja nikaweka kaunta ya sentimita 90 kuzunguka chumba kizima, na juu yake jiko la gesi la mezani. Nilipopita miezi miwili baadaye kuangalia kazi, nilimkuta mwenye nyumba anachemsha maji na kutia unga palepale juu ya kaunta, kisha anaiteremsha sufuria sakafuni juu ya kata ya nguo, anaibana kwa nyayo zake mbili na kuusonga ugali akiwa amekaa kwenye kigoda. Nilipomuuliza sababu hakunijibu kwa maneno. Aliirudisha sufuria jikoni, akaushika mwiko, kiwiko kikapanda mpaka karibu na bega, akanitazama.

Hesabu yake ni rahisi, na ningeifanya mapema angepumzika. Mtu mwenye urefu wa sentimita 158 ana kiwiko kilichoko kama sentimita 100 kutoka sakafuni. Kukata kitunguu na kukanda chapati ni kazi nyepesi kiasi, nayo hufanyika vizuri kwenye meza iliyo chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15, yaani sentimita 85 hadi 90. Kwa hiyo kaunta ya kawaida si mbaya kwa kazi hizo. Lakini weka jiko la mezani lenye kimo cha sentimita 12 juu ya kaunta ya 90, na sufuria yenye kina cha sentimita 18 juu ya jiko hilo: mdomo wa sufuria umefika sentimita 120, na mkono ulioshika mwiko uko juu zaidi. Hapo mtu hawezi kutumia uzito wa mwili wake, anasukuma kwa misuli ya bega peke yake, na ugali wa watu saba hausongwi kwa bega. Shusha sehemu ya jiko mpaka sentimita 65, na mdomo wa sufuria unarudi kwenye 95, chini kidogo ya kiwiko, mahali mikono ya mama zetu ilikozoea.

Basi kipimo cha kwanza kuandikwa Jumatatu ni cha viwiko: chako, cha mama mkwe, na cha binti mkubwa kama naye anapika. Simameni wima bila viatu, mkunje mkono, mpime kutoka sakafuni. Kaunta kuu ifuate kiwiko cha anayekata zaidi, na mahali pa jiko pafuate cha anayesonga zaidi. Sinki lipande sentimita chache juu ya kaunta ya kukatia, kwa sababu mikono hufanya kazi chini, ndani ya beseni, na anayeinama kwenye sinki fupi ndiye anayelalamika kiuno jioni. Mtu atakwambia kaunta yenye ngazi itaharibu sura ya jiko. Mwache aseme.

Sasa mpangilio. Jiko lenu lina umbo zuri, kwa kuwa milango inatazamana katikati ya kuta fupi, na njia ya kupita inanyooka kutoka ukumbini hadi uani bila kuzikata kazi. Wekeni kaunta ya kina cha sentimita 60 kwenye ukuta mrefu wa nje wenye dirisha, na upande wa pili, kwenye ukuta wa sebule, makabati na friji kwa kina hichohicho. Katikati itabaki nafasi ya mita 1.8. Mpishi anasimama kwa raha, mwingine anapita nyuma yake na sinia kichwani, na mbuzi ya nazi inakaa karibu na mlango wa uani bila mtu kujikwaa.

Kwenye ukuta wa nje, anzeni kuhesabu kutoka upande wa uani: sentimita 60 za kuegeshea vyombo vilivyooshwa, sentimita 60 za sinki moja kubwa lenye kina, kisha mita 1.5 za kaunta tupu chini ya dirisha, kisha sentimita 60 za jiko, na sentimita 30 za mwisho za kuwekea mfuniko na mwiko. Jumla ni mita 3.6 kamili. Sinki liko karibu na uani kwa sababu samaki, mboga na vyombo vichafu vinatokea huko, na bomba la maji machafu litatoka nje kwa njia fupi. Jiko liko mbali na dirisha kwa makusudi. Tanga inapigwa na kusi nusu ya mwaka na kaskazi miezi mingine, na moto wa gesi ulio chini ya dirisha hupeperushwa, hulamba ubavu wa sufuria, na siku mbaya huzimika huku gesi ikiendelea kutoka. Pazia la dirisha nalo halitakiwi kuwa jirani ya moto.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliweka katika miaka ya 1940 kanuni ambayo wasanifu bado wanaifundisha: sinki, jiko na friji viwe pembe tatu, na jumla ya umbali kati yake iwe kama mita 4 hadi 8. Sisi tulikuwa na mafiga matatu kabla ya hapo, kwa hiyo wazo si geni. Mkiweka friji upande wa sebule karibu na mlango wa ukumbini, mkabala na jiko, jumla yenu itakuwa kama mita 7, na mtoto anayekuja kuchukua maji baridi hatapita kwenye mafuta ya moto. Lakini nakusihi uhesabu na figa la nne, yaani uani. Katika nyumba zetu mpishi huenda mlango wa uani mara nyingi kuliko anavyokwenda kwenye friji, na mlango huo ukibanwa na kabati, mpangilio wote umeharibika.

Kuhusu ukuta wa sebule, mume wako ana haki ya kutaka mwanga na hewa, ila njia aliyoichagua ina gharama asizoziona kwenye picha. Nyumba nyingi za miaka ya 1980 zilijengwa kwa matofali yanayobeba mzigo, bila nguzo za zege, na ukuta wa ndani kama huu mara nyingi ndio unaokalia mbao za paa. Mtu apande darini na tochi aone kama kenchi au nguzo ya mbao imetua juu yake. Hata ikionekana haikutua, asivunje mtu tofali kabla mhandisi wa majengo hajaangalia na kabla hamjapata kibali cha halmashauri ya jiji, kwa sababu kuondoa mita 3.6 za ukuta kunahitaji boriti ya zege na nguzo mbili zenye msingi wake, na hiyo ni kazi nzito kuliko makabati yote mliyoonyeshwa. Halafu kuna harufu. Papa mkavu akikaangwa katika jiko la wazi, makochi yatamkumbuka kwa wiki nzima. Na kuna siku za shughuli, nyumba ikiwa na wageni wa heshima sebuleni na wanawake kumi jikoni wamejifunga kanga kifuani, na hapo kila mmoja wenu ataukumbuka ukuta.

Pendekezo langu ni dirisha la kupitishia chakula katikati ya ukuta huo, lenye upana wa mita 1.2, chini yake likiwa usawa wa kaunta na juu yake likiwa na lenta, yaani boriti fupi, ya zege inayokalia tofali zima kwa sentimita 20 kila upande, yaani lenta ya mita 1.6. Lipewe milango miwili ya mbao inayokunjuka. Likiwa wazi, mwanga wa jikoni unaingia sebuleni, nawe unawaona watoto wakiwa kwenye masomo yao. Likifungwa, jiko ni jiko na sebule ni sebule. Hata kwa tundu hili mhandisi aulizwe kwanza, ila jibu lake litakuwa jepesi na mfuko wenu utapumua.

Gesi inahitaji nafasi yake katika maelezo haya. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, inashuka, inatambaa sakafuni na kujikusanya ndani ya kabati, chini ya friji au kwenye tundu la maji. Kwa hiyo mtungi uliofungiwa ndani ya kabati zuri chini ya jiko, kama kwenye picha nyingi, ni jambo ambalo silikubali katika mchoro wangu. Utoeni nje. Kwa mpangilio niliouchora, mtungi utakaa nje ya ukuta uleule, nyuma ya jiko, kwenye kona ya mwisho iliyo kama mita moja kutoka dirishani na mbali kabisa na tundu la maji machafu. Ujengewe kizimba cha nondo chenye kufuli na kivuli, wazi chini na juu, usimame wima juu ya sakafu ya zege. Bomba la shaba lipite ukutani ndani ya bomba jingine pana kidogo, na liwe na koki ndani, mahali mkono unapofika bila kuvuka juu ya moto. Kila mnapobadilisha mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Panapovuja patatoa mapovu. Kiberiti hakipimi uvujaji. Ndani ya jiko, acheni tundu la hewa chini ya ukuta wa nje, lifunikwe kwa wavu wa panya, na matofali ya matundu juu karibu na dari kwa ajili ya mvuke na joto. Mkinunua kofia ya kuvuta moshi, itoe hewa nje kwa bomba. Zile zinazochuja na kuirudisha ndani hazimudu mapishi ya nazi na mafuta. Iwekwe sentimita 65 hadi 75 juu ya moto, na mkumbuke kwamba jiko lenu limeshuka, kwa hiyo kofia nayo ishuke, ila isimgonge mtu kichwani.

Maji. Uliza tangi lenu liko juu kiasi gani, kwa sababu msukumo wa maji hutokana na kimo hicho: mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1 (baa ni kipimo cha msukumo), hivyo tangi lililo mita 3 juu ya bomba linatoa baa 0.3 tu. Mabomba mengi ya kisasa yenye shingo ndefu na mkono mmoja wa kuchanganya maji ya moto na baridi yametengenezwa kwa msukumo mkubwa zaidi, na kwenye tangi la kwenu yatatoa uzi wa maji. Mnunue bomba la kawaida lenye tundu pana, na bomba la kuleta maji liwe la robo tatu ya inchi mpaka karibu na sinki. Kama mnafikiria kuliinua tangi, lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na paa la kenchi za mbao halikujengwa kwa mzigo huo; tangi lijengewe mnara wake.

Maji machafu yatoke kwa bomba la inchi 2 lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, yapite kwenye mkunjo wa kuzuia harufu chini ya sinki, kisha kwenye kisanduku cha kunasa mafuta uani kabla ya kufika chemba. Kisanduku hicho ni shimo dogo la zege lenye mfuniko: maji yanaingia, yanatulia, mafuta yanapoa na kuelea juu, na maji yanatoka kwa bomba linaloanzia chini. Mtakuwa mkiyachota mafuta kwa kopo kila baada ya wiki chache. Ni kazi isiyopendeza, lakini nafuu yake mtaijua siku jirani asiye na kisanduku atakapokuwa anafukua uwanja wake kutafuta bomba lililoziba kwa mafuta na punje za wali.

Umeme nautajia mambo machache tu. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na nyaya za zamani ukutani zisiunganishwe na mpya kwa gundi na matumaini. Jagi la umeme la wati 2,000 peke yake huvuta karibu ampea 9, kwa hiyo soketi za kaunta ziwe na njia yake kutoka kwenye boksi kuu, friji iwe na yake, na zote zilindwe na swichi inayojikata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Soketi zikae sentimita 15 juu ya kaunta, zaidi ya sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki, na isiwepo hata moja juu ya jiko. Taa moja ya katikati ya dari haitoshi, kwani unaposimama kwenye kaunta taa inakuwa mgongoni na unakata kitunguu ndani ya kivuli chako. Weka taa ndefu nyembamba chini ya makabati ya juu, upande wa mbele, imulike ubao wa kukatia.

Sasa tufike kwenye makabati, ambako fundi wenu alitaka kuanzia. Makabati meupe ya picha ile karibu yote ni ya MDF, yaani nyuzinyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na adui wake mkubwa ni maji yanayoingia kwenye kingo. Nimewahi kufungua kabati la namna hiyo chini ya sinki, halijatimiza miaka miwili, nikabonyeza ubao wa chini na kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Unyevu wa pwani, maji ya kupigia deki na bomba linalodondosha tone moja moja vilitosha. Kwa nyumba yenu ningejenga mwili wa kaunta kwa tofali na zege: miguu ya tofali za upande kila baada ya sentimita 80, juu yake slabu ya zege ya sentimita 7 yenye nondo, ikimwagiliwa maji siku saba na mbao zake zikiachwa wiki mbili. Mchwa hawali zege, deki haliivimbishi, na mama mkwe anaweza kuweka kinu juu yake bila mtu kushika pumzi. Ngazi ya kimo kwa ajili ya jiko nayo hutengenezwa kirahisi kwa zege kuliko kwa kabati la dukani.

Mbele yake ndipo seremala aweke milango, na hapo mko mahali pazuri, kwa kuwa mtiki wa shamba la miti la Longuza, Muheza, uko jirani, nao huvumilia unyevu na mchwa. Mbao ziwe zimekauka vizuri. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi utajikunja kabla ya Ramadhani inayofuata. Bawaba na vishikio viwe vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya chumvi hula vya bei nafuu kimyakimya. Chini ya sinki msiweke mlango kabisa, au muweke wenye matundu, ili panapovuja paonekane na pakauke. Makabati ya juu yawe machache: vitu vya kila siku visizidi sentimita 180 kutoka sakafuni, vya juu ya hapo vitakuwa vyombo vya harusi na vumbi. Uso wa kaunta ukiwa wa granaiti ni mzuri na hudumu. Mkiishiwa fedha, vigae vikubwa vyenye maungio membamba vinatosha, na granaiti itakuja mwaka mwingine juu ya slabu ileile.

Sakafu iwe na vigae vya uso mkavu visivyoteleza, vyenye mteremko mdogo kuelekea mlango wa uani, na mnunue boksi la akiba la toleo lilelile. Rangi chagueni wenyewe.

Katika fedha, utaratibu wangu ni kulipia kwanza vitakavyofichwa ukutani, yaani mabomba, nyaya, lenta na kisanduku cha mafuta, kisha zege, kisha milango, na kutenga sehemu moja kati ya kumi ya bajeti kwa yale yatakayogunduliwa plasta ya zamani ikishabanduliwa. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaotaja vipimo, vifaa na hatua za malipo, na fundi alipwe hatua inapokamilika. Hatua muhimu kuliko zote ni ile ya kabla ya plasta: mabomba yajazwe maji na kufungwa usiku mzima, asubuhi mtu apitishe kiganja kila ungio, kisha upige picha kila ukuta huku futi kamba imelazwa juu yake. Picha hizo zitakuonyesha bomba lilipo siku utakayotaka kutoboa ukuta kutundika saa.

Umeuliza mtapikia wapi. Hapo ndipo kazi inapoanza hasa. Mama mkwe hataacha mkaa kwa sababu tumeweka vigae, na serikali yenyewe, katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, imejipa mpaka mwaka 2034 kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania. Kwa sasa anapikia juani na mvuani, na mvua ikizidi huingiza jiko la mkaa ndani, ambamo hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Jengeni kwanza banda la uani: nguzo nne, paa la bati lililoinuka upande mmoja ili moshi utoke, ukuta wa nusu upande wa kusi, benchi la zege la kimo cha kigoda kwa ajili ya majiko mawili, bomba moja la maji na sinki lenu la zamani, taa, na mtaro unaoingia kwenye kisanduku kilekile cha mafuta. Fundi akimwaga benchi hilo mtaiona kazi yake kabla hajagusa nyumba. Likikauka, hamishieni huko jiko la gesi na mtungi wake, mkiuweka mbali na mkaa, upande wa pili wa uwanja. Friji ikae ukumbini. Kisha ndani pavunjwe, na katika wiki zote za vumbi mtakuwa mnapika mahali ambapo mama mkwe amepachagua mwenyewe, kwa kimo chake mwenyewe. Mpimeni kiwiko akiwa amekaa.